Kabla Hujafunga Boksi: Namna ya Kujua Kama Mzigo Unaotoka Marekani Unahitaji Leseni ya Serikali

Kaka mmoja alifika ghalani kwetu Ijumaa jioni na maboksi nyuma ya gari na simu mkononi. Shemeji yake wa Arusha ana kampuni ya ulinzi, na alikuwa amemtumia oda kwa WhatsApp: jenereta ndogo 1, kompyuta za mpakato 2, kamera ya kuona joto 1, na fulana za kuzuia risasi 6. Kontena lilikuwa linafungwa Jumatatu.

"Dada, andika tu vifaa vya ofisi," aliniambia. "Vyote nimenunua dukani kihalali. Risiti hizi hapa."

Risiti zilikuwa safi, sina neno nazo. Ila risiti inathibitisha kwamba umenunua, na serikali ya Marekani inauliza swali jingine: kitu hiki kinaruhusiwa kutoka nje ya nchi, kwenda pale, kwa mtu yule, kwa kazi ile? Kitu kinachouzwa kwa kila mtu dukani kinaweza kuhitaji leseni ya Wizara ya Biashara siku kinapoelekea Tanzania. Katika oda ile, vitu viwili vilikuwa huru kuondoka siku ileile, kimoja hakikuweza kuondoka bila leseni, na kimoja kilining'inia kwenye namba ndogo iliyochapwa ukurasa wa nyuma wa kitabu cha maelekezo.

Nashughulikia hati za mizigo inayokwenda Mombasa na Dar es Salaam, na swali hili nakutana nalo kila wiki kutoka kwa watu wetu wa Columbus, Minneapolis, Houston na kwingineko. Wengi ni watu waaminifu ambao hawajawahi kuambiwa. Kwa hiyo naandika hapa hatua kwa hatua, kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe, na nitaifuata oda ya yule kaka mpaka mwisho. Naongelea upande wa kutoka Marekani tu. Ushuru wa TRA au KRA, viwango vya TBS na vibali vya kuingiza kule nyumbani ni safari yake yenyewe.

Neno moja kuhusu maana ya "kutoa nje ya nchi", maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Si kontena peke yake. Pipa la nguo ulilotumia wakala ni kutoa nje. Begi unalopanda nalo ndege ni kutoa nje. Mchoro wa kiufundi unaomtumia mtu Nairobi kwa barua pepe ni kutoa nje, na programu anayoipakua ni vilevile. Hata kumfundisha mgeni teknolojia iliyodhibitiwa, akiwa amekaa mbele yako hapahapa Marekani, sheria inakuhesabia kwamba umeipeleka nchini kwake, isipokuwa kama ana ukaazi wa kudumu, yaani green card, au amepewa hifadhi ya ukimbizi. Kwa wenzetu wanaofanya kazi maabara na viwandani, hili ni la kuliangalia.

Hatua ya 1: Jua kitu chako kinasimamiwa na ofisi gani

Ofisi zinazohusika zaidi ni tatu. Wizara ya Mambo ya Nje inasimamia silaha na zana za kijeshi, chini ya kanuni zinazoitwa ITAR, na ina orodha ya makundi 21. Wizara ya Biashara, kupitia idara yake ya BIS, inasimamia karibu vitu vingine vyote, chini ya kanuni za EAR ambazo zinasimama juu ya sheria ya mwaka 2018. Wizara ya Fedha, kupitia ofisi ya OFAC, inasimamia vikwazo vya kiuchumi dhidi ya nchi na watu.

Anza na orodha ya Mambo ya Nje. Kitu kikiwemo humo, hapo umefika: huwezi kukitoa kwa kanuni za Biashara, hata kama ulikinunua kwenye duka la wawindaji. Darubini za bunduki zinazoona gizani huweza kuangukia huko, na bamba za kuzuia risasi za kiwango cha juu kabisa pia.

Bunduki za kawaida za kiraia, zile zisizofyatua mfululizo, zilihamishwa kutoka Mambo ya Nje kwenda Biashara mwezi Machi 2020. Wako waliosikia habari hiyo wakadhani zimefunguliwa. Zimebadilishiwa ofisi tu. Kwenda kwetu Afrika Mashariki bado zinahitaji leseni, pamoja na vipuri vyake. Naomba niliseme hili bila kuzunguka: magazini, kitako, mtutu, darubini ya kulengea, hata kama ni zawadi ya baba anayewinda kihalali kijijini, usiviweke ndani ya pipa la nguo ukitumaini havitaonekana. Nimeona kontena zima likishikwa bandarini kwa ajili ya kitu kimoja cha mtu mmoja, na godoro, baiskeli na vitabu vya familia zilizobaki vikakaa pale wiki baada ya wiki.

Kama kitu chako hakimo kwa Mambo ya Nje, kiko kwa Biashara, na kazi yenyewe inaanza.

Hatua ya 2: Tafuta namba yake ya udhibiti

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na hapa sikushauri uharakishe. Wizara ya Biashara ina orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa, na kila aina humo ina namba ya herufi tano inayoitwa ECCN. Chukua 6A003 uisome nami. Tarakimu ya kwanza ni kundi: makundi yako kumi, kuanzia 0 mpaka 9, na 6 ni vihisio na leza. Tatu ni elektroniki, 4 ni kompyuta, 5 ni mawasiliano na usalama wa taarifa, 7 ni vifaa vya kuongozea safari, 8 ni vya majini, 9 ni vya anga na injini. Herufi inayofuata inasema ni kitu cha namna gani: A ni kifaa chenyewe, B ni mashine za kukitengeneza au kukipima, C ni malighafi, D ni programu, E ni teknolojia, yaani maarifa ya kukitengeneza au kukitumia. Tarakimu tatu za mwisho zinataja aina yenyewe.

Tafadhali usiichanganye na namba ya ushuru. Wakala wako atakuuliza namba ya Schedule B, ile ya tarakimu kumi ambayo forodha wanaitumia kwa takwimu. Hiyo haikuambii lolote kuhusu leseni. Utahitaji zote mbili.

Unaipataje ECCN? Njia ya kwanza, na mimi ndiyo naanza nayo siku zote, ni kumuuliza mtengenezaji. Kampuni nyingi za elektroniki zina ukurasa wa uainishaji kwa ajili ya usafirishaji nje. Unaingiza namba ya modeli, unapata ECCN. Usipouona, waandikie barua pepe fupi yenye modeli kamili uliyoisoma kwenye kibandiko cha nyuma ya kifaa, si jina la tangazo. Jibu likija, litunze.

Njia ya pili ni kusoma orodha mwenyewe. Iko kwenye tovuti ya ecfr.gov, Kitabu cha 15, Sehemu ya 774, bure, na inasahihishwa kila kanuni inapobadilika. Kanuni hizi zinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma toleo la siku unayosafirisha na usitegemee karatasi ambayo rafiki yako alichapa mwaka juzi. Njia ya tatu, ukiwa bado na shaka, ni kuwaomba BIS wenyewe wakuainishie kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa SNAP-R. Hawatozi ada.

Sasa turudi kwenye maboksi ya yule kaka.

Jenereta: watu wengi wanashangaa, lakini jenereta ndogo ya kubebeka ina ECCN yake, 2A994. Injini ya boti, ile ya kufunga nyuma ya mashua ambayo wavuvi wa Zanzibar na Pemba wanaagiza sana, ni 8A992. Vichwa vya malori makubwa vinavyokwenda kubeba mizigo ya Tunduma na Malaba ni 9A990. Kuwa na namba hakumaanishi kuhitaji leseni, na tutaona kwa nini.

Kompyuta za mpakato: zile za kawaida za dukani huangukia 5A992 kwa sababu ya programu za usimbaji zilizomo ndani. Simu za mkononi ni hivyohivyo.

Fulana: alikuwa amenunua zile laini, za kiwango cha IIIA. Hizo ni 1A005. Zingekuwa za kiwango cha juu zaidi zenye bamba gumu, namba ingebadilika na mambo yangekuwa magumu zaidi.

Kamera: hapa nilimwomba anitolee kitabu cha maelekezo kwenye boksi. Tulikaa juu ya maboksi tukafungua kurasa za mwisho, kwenye jedwali la vipimo lenye maandishi madogo. Nilikuwa natafuta mstari mmoja tu, wa kasi ya picha kwa sekunde. Kamera ya joto ya aina yake inayopiga picha 9 kwa sekunde au chini ya hapo hutolewa kwenye 6A003 na kushushwa 6A993. Ikizidi 9, inabaki 6A003. Mstari ulisema 30 Hz, yaani picha 30 kwa sekunde.

"Sasa hiyo tisa na thelathini ina tofauti gani?" aliniuliza. Kwa fundi umeme anayetafuta waya unaopata moto ukutani, karibu hakuna. Kwa mtu anayefuatilia gari linalokimbia usiku, tofauti ni kubwa, na ndiyo maana mstari umechorwa pale. Watengenezaji wengi wanalijua hili, na modeli moja huiuza kwa matoleo mawili, la 9 na la kasi zaidi. Ukiwa unanunua kwa ajili ya kupeleka nyumbani, angalia hilo kabla ya kulipa.

Droni nazo zina mstari wa namna hiyo. Droni inayoweza kukaa angani saa 1 au zaidi, au ile ya nusu saa hadi saa moja inayoweza kuruka na kutulia kwenye upepo wa kilomita 46.3 kwa saa, inaingia 9A012. Mpima ardhi anayeagiza droni ya kupimia viwanja asome vipimo vya muda na upepo kabla ya kuulizia bei.

Na visivyo na namba kabisa? Nguo, godoro, vyombo, gari la kawaida la familia, cherehani: kitu kilicho chini ya kanuni za Biashara lakini hakimo kwenye orodha kinaitwa EAR99. Mizigo mingi ya watu wetu ni EAR99 na inakwenda bila leseni. Lakini EAR99 bado iko chini ya kanuni. Hatua ya 5 na ya 6 zinaihusu sawasawa na vingine.

Hatua ya 3: Soma sababu, kisha jedwali la nchi

Kila ECCN imeandikiwa sababu za kudhibitiwa kwa vifupisho. NS ni usalama wa taifa, RS ni utulivu wa kanda, MT ni makombora, CB ni kemikali na vijidudu, CC ni kuzuia uhalifu, AT ni kupinga ugaidi. Mbele ya kila sababu kuna safu, kwa mfano NS safu ya 2.

Fungua sasa jedwali la nchi, Nyongeza ya 1 ya Sehemu ya 738. Nchi zimepangwa kushuka, sababu zimepangwa kwenda kulia. Weka kidole kwenye Tanzania, telezesha mpaka NS safu ya 2. Ukikuta X, leseni inahitajika, labda upate msamaha tutakaouangalia mbele. Kisanduku kikiwa kitupu, sababu hiyo haikuhusu. Nenda sababu inayofuata ya kitu hichohicho mpaka uzimalize zote. X moja inatosha kukuzuia.

Tanzania na Kenya zina X kwenye NS zote mbili na RS zote mbili. Hazina X kwenye AT. Hapo ndipo jenereta na kompyuta zilipopata ruhusa: 2A994 na 5A992 zinadhibitiwa kwa sababu ya AT peke yake, na hilo linazihusu nchi chache kama Kuba, Iran na Korea Kaskazini. Injini ya boti na kichwa cha lori ni hivyohivyo. Utazoea kuona kwamba namba nyingi zenye 99 ndani yake ni za AT tu, ila usiache kusoma ukurasa wenyewe kwa sababu ya mazoea hayo.

Fulana za 1A005 zinadhibitiwa kwa NS safu ya 2. Tanzania ina X. Leseni. Kamera ya 6A003 ina NS na RS. Leseni.

Kwa wenye kampuni za ulinzi, ambao ni wateja wazuri wa bidhaa za Marekani, niongeze: pingu, fimbo za umeme na vifaa vya namna hiyo viko chini ya CC, na pingu zinahitaji leseni kwenda karibu kila nchi duniani. Zinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo, na ndiyo maana zinawaponza watu.

Ndugu zetu wanaotuma Goma, Bukavu, Mogadishu, Juba au Khartoum, kwenu nyinyi jedwali peke yake halitoshi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Somalia, Sudan Kusini na Sudan ziko kwenye kundi la nchi zenye vizuizi vya silaha kwa mujibu wa kanuni za Marekani. Vitu vyenye harufu ya ulinzi au jeshi, fulana zikiwemo, vinabanwa huko zaidi, na misamaha mingi haifanyi kazi. Mzigo ukishuka Dar au Mombasa kisha uende Goma, nchi ya kuangalia kwenye jedwali ni Kongo. Bandari ya kushushia haibadilishi mwisho wa safari.

Hatua ya 4: Angalia kama kuna msamaha

X siyo mwisho wa habari kila mara. Sehemu ya 740 ina misamaha inayokuruhusu kusafirisha bila leseni ukitimiza masharti yote. LVS ni kwa mizigo ya thamani ndogo, na kiwango chake kimeandikwa ndani ya ECCN husika. TMP ni kwa vitu vya muda, kama vifaa vya kazi unavyokwenda navyo na kurudi navyo ndani ya mwaka. BAG ni kwa vitu vyako binafsi unavyosafiri navyo.

Kila ECCN inaonyesha kama msamaha wa LVS unaihusu. Kwenye 6A003 kuna kiwango cha LVS, lakini ukisoma mpaka mwisho wa mstari utaona kamera za joto za fungu la b.4, kama ile ya yule kaka, zimeondolewa kwenye msamaha huo. Mtu akisoma nusu ya mstari angesafirisha akiamini yuko sawa. Soma mpaka nukta.

Hatua ya 5: Nani anapokea

Hata godoro la EAR99 halipaswi kwenda kwa mtu au kampuni iliyopigwa marufuku. Serikali imeweka orodha zake pamoja kwenye ukurasa mmoja wa utafutaji kwenye trade.gov. Ingiza majina ya wote: mnunuzi, mpokeaji, wakala wa kule, na mtumiaji wa mwisho. Kwa kampuni ingiza na jina la mwenye nayo.

Majina yetu yana shida yake hapa. Abdallah, Abdalla na Abdullah ni jina moja kwetu, lakini kompyuta inaona matatu. Mohamed lina tahajia nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Washa kitufe cha utafutaji wa majina yanayofanana, na ujaribu na mpangilio wa jina la babu mbele. Jina likifanana usishtuke wala usimshutumu mtu. Linganisha anwani, nchi na tarehe ya kuzaliwa. Chapisha matokeo yenye tarehe, hata kama hayakukuta kitu. Ile karatasi isiyo na kitu ndiyo ushahidi kwamba ulitafuta.

Hatua ya 6: Ni ya kazi gani

Nilimwomba yule kaka ampigie shemeji yake palepale, nikamwuliza mwenyewe. "Shikamoo mzee, hii kamera itatumika wapi?" Alinieleza vizuri: walinzi wake wanazunguka maghala ya mazao usiku, uzio ni mrefu, wanataka kuona mtu kabla hajafika. Jibu la mtu anayeijua kazi yake.

Niliuliza kwa sababu maalum. Kanuni ya 744.9 inasema kamera hizi za joto, hata ile ya 9 Hz ambayo kwa kawaida haihitaji leseni kwenda Tanzania, inahitaji leseni ukijua kwamba inakwenda kwa jeshi, kwa polisi wa taifa au kwa idara ya ujasusi. Angesema kamera ni ya kuwapa askari polisi wa doria, hesabu yote ingebadilika, kwa kamera ileile na mji uleule. Kuna vifungu vingine vya namna hii vinavyohusu silaha za nyuklia, makombora na za kemikali, na hivyo vinagusa hata EAR99.

BIS wametoa orodha ya dalili za kutilia shaka. Zile ninazokutana nazo kwenye njia yetu: mnunuzi hajui kifaa kinafanya nini lakini anakitaka, anataka kulipa pesa taslimu kitu cha bei kubwa sana, anakataa kufungiwa au kufundishwa kukitumia, mpokeaji wa mwisho kwenye hati ni wakala wa mizigo, njia ya safari haieleweki. Dubai inaingia hapa. Biashara yetu na Dubai ni ya halali na ya tangu zamani, na mizigo mingi inapita kule kwa sababu nzuri. Lakini ukiambiwa upeleke Dubai "halafu tutajua", simama. Kitu cha Marekani kinaendelea kuwa chini ya kanuni za Marekani hata kikitoka Dubai kwenda nchi nyingine, na wewe uliyejua, au uliyefumba macho usijue, unahesabiwa. Ukiona dalili, uliza mpaka upate jibu linaloeleweka, na liwe kwa maandishi.

Hatua ya 7: Andika jibu lako, au omba leseni

Ukimaliza hatua zote na hukukuta kizuizi, jibu lako linaitwa NLR, yaani haihitaji leseni, na kwenye AES, mfumo wa serikali wa kutangazia mizigo inayotoka nje, linaingizwa kwa alama C33. Tamko la AES ni lazima pale thamani ya vitu vya namba moja ya Schedule B inapozidi dola 2,500, au pale kitu kinapohitaji leseni hata kama ni cha dola 50. Magari yaliyotumika hutangazwa bila kujali bei, na hati ya umiliki inapelekwa forodha saa 72 kabla ya kuondoka. Ukimaliza unapewa namba ya uthibitisho wa tamko, inayoitwa ITN. Kuandika "vifaa vya ofisi" juu ya fulana za risasi ni kutoa tamko la uongo kwa serikali, na ni kosa linalojitegemea, hata kama leseni haikuhitajika.

Usidhani wakala anabeba mzigo huu kwa niaba yako. Kwa kawaida anayesafirisha ndiye mwenye wajibu. Mnunuzi wa kule akitaka wakala wake wa hapa aubebe, lazima kuwe na maandishi yanayosema hivyo, na wewe umpe taarifa sahihi za bidhaa.

Kama leseni inahitajika, unaiomba BIS kwa SNAP-R. Unafungua akaunti ya kampuni, unajaza ECCN, idadi, bei, wahusika wote kwa anwani kamili, na maelezo ya matumizi. "S.L.P. Arusha" peke yake haitoshi, weka mtaa, kata, jina la jengo, na simu inayopokelewa, kwa sababu ubalozi wanaweza kwenda kuangalia. Hakuna ada ya maombi. Amri ya Rais ya mwaka 1995 inataka ombi liamuliwe, au lipandishwe mpaka kwa Rais, ndani ya siku 90. Leseni kwa kawaida inadumu miaka 4, na inakuja na masharti. Yasome, kisha mpe mpokeaji yanayomhusu kwa maandishi.

Na ukigundua kosa mzigo ukiwa tayari baharini? Usiendelee nao. Kuuza, kuhamisha au kuhudumia kitu unachojua kimetoka kinyume cha kanuni ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Tafuta mwanasheria wa mambo haya, na ujue kwamba BIS wana utaratibu wa mtu kujitangaza mwenyewe, ambao hupunguza sana adhabu. Adhabu zenyewe ni nzito: kwa kosa la kukusudia ni hadi miaka 20 jela na dola milioni 1, na faini ya kiutawala, ambayo haihitaji hata kuthibitisha nia, inazidi dola 300,000 kwa kosa moja.

Yule kaka alirudisha kamera dukani Jumamosi akachukua toleo la 9 Hz. Jumatatu kontena liliondoka na jenereta, kompyuta na kamera mpya, zote kwa NLR. Fulana sita zilibaki kwenye rafu yetu, na ombi la leseni likaanza kwa jina la kaka mwenyewe, kampuni ya shemeji ikiandikwa kama mpokeaji. Kwenye faili lake niliweka barua pepe ya mtengenezaji wa kamera yenye ECCN, nakala ya ukurasa wa vipimo, matokeo ya utafutaji wa majina yenye tarehe, ujumbe wa shemeji unaoeleza maghala na uzio, na karatasi ya ITN. Faili linakaa miaka 5 kabatini, kama kanuni inavyotaka.